Mshahara mnono haujawahi kumtibu mraibu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na mashabiki wenzangu wa soka, na kidogo na nyinyi mnaotuandikia habari zake.

Kila mchezaji mkubwa anapotangaza kwamba ni mraibu wa pombe, kokeini, kamari au vidonge, jukwaani na mitandaoni hutoka kauli ileile: "Pesa zote hizo, anakosa nini?" Anayeuliza hatafuti jibu, ameshahukumu. Kwake yeye, mtu anayelipwa kwa wiki fedha ambazo wengine hawatazishika maisha yao yote amepoteza haki ya kuugua ugonjwa wa namna hii. Akivunjika mguu tutampa pole. Akishindwa kuacha chupa tutasema amejitakia.

Mimi nalichukua kama swali, kwa sababu jibu lipo. Mraibu wa kipato cha kawaida hushikwa breki na ukata. Hela ikiisha katikati ya mwezi inabidi asubiri. Akichelewa kazini mara tatu anafukuzwa, mwenye nyumba anagonga mlango, ndugu wanaitisha kikao. Breki hizo zinaumiza, lakini ndizo zinazowafikisha wengi kwa daktari. Mchezaji anayelipwa sana hana hata moja. Hela haiishi, nyumba ni yake, dereva yupo wa kumrudisha, wakala yupo wa kuzima habari, na klabu iliyomnunua kwa mamilioni haina haraka ya kukiri kwamba bidhaa yake ina kasoro. Paul Merson, aliyekuwa Arsenal, alikiri hadharani Novemba 1994 kwamba ni mraibu wa pombe, kokeini na kamari, na baadaye ameeleza kuwa kamari peke yake ilimla mamilioni ya pauni. Mtu wa mshahara wa kawaida angefulia mapema mno, na kufulia kungemlazimisha kuomba msaada. Fedha tunazodhani ni kinga ndizo zinazouacha ugonjwa uende mbali kabla mtu hajashtuka.

Halafu kuna muda. Mazoezi ya klabu kubwa mara nyingi huanza saa 4 asubuhi, na kufika saa 7 au 8 mchana watu wameshaoga na kula. Kuanzia hapo mpaka usiku yupo kijana wa miaka 22 mwenye simu, mwenye fedha, asiye na shule wala kazi nyingine, na ameagizwa asijichoshe. Mwongezee jeraha la goti la miezi 6 hadi 9: hakuna mechi, hakuna kelele za uwanja, wenzake wanasafiri yeye anabaki na mtaalamu wa viungo. Kamari ya kwenye simu huingia hapo kirahisi kuliko kitu kingine chochote, maana hainuki mdomoni na mkojo hauionyeshi.

Nimetaja mkojo kwa sababu wengi wetu tunaamini kwamba kama mchezaji angekuwa anatumia, "si angeshakamatwa." Vipimo vya michezo havikutengenezwa kutafuta waraibu, vinatafuta wadanganyifu. Pombe haimo kwenye orodha ya marufuku ya WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa haramu michezoni. Iliondolewa kabisa mwaka 2018, na hata kabla ya hapo ilihusu michezo michache kama upigaji mishale na mbio za magari, soka haikuwamo. Vidonge vya usingizi kama zopikloni havimo pia. Kamari haina kipimo cha maabara. Kokeini nayo hukatazwa wakati wa mashindano tu, yaani kuanzia saa 5:59 usiku wa kuamkia mechi hadi mechi na uchukuaji wa sampuli vimalizike. Mabaki yake hukaa kwenye mkojo siku 2 hadi 4 kwa anayetumia mara mojamoja, na zaidi ya hapo kwa anayetumia kila siku. Aliyetumia Jumamosi usiku anaweza kupimwa Jumamosi inayofuata akatoka msafi kabisa. Akichanganya na pombe, kama wengi wanavyofanya, ini hutengeneza kemikali ya tatu, kokaethilini, ambayo hukaa mwilini muda mrefu kuliko kokeini yenyewe na kuutesa zaidi moyo. Kwa hiyo mchezaji "aliyepimwa akawa safi" anaweza kuwa mgonjwa sana, na klabu ikaapa kwa nia njema kwamba haijui lolote.

Na hapa ndipo tunapokuja sisi mashabiki. Kwa kuwa vipimo havisemi, tunahukumu kwa kitu pekee tunachokiona: mabao na matokeo.

Mtazame Tony Adams. Aliivalisha Arsenal ubingwa wa Uingereza akiwa nahodha mwaka 1989 na tena 1991, na katikati ya msimu ule wa pili alitupwa jela kwa kuendesha gari akiwa amelewa. Alitoka, akacheza, kombe likaja. Ulevi wake haukuwa siri, ila ulichukuliwa kuwa sehemu ya uanaume wa beki wa kati. Alipowaambia wenzake Septemba 1996 kwamba ni mlevi na anahitaji kupona, ndipo baadhi ya watu waliposhtuka, kana kwamba tatizo lilianza siku alipolitaja. Baada ya kuacha pombe alitwaa ubingwa na Kombe la FA kwa pamoja mara mbili, 1998 na 2002, na mwaka 2000 akaanzisha kliniki ya Sporting Chance inayowatibu wanamichezo wenye uraibu. Anayesema mchezaji akipelekwa tiba "ameisha" aitazame hiyo miaka sita.

Diego Maradona aliipa Napoli ubingwa wa Italia mwaka 1987 na 1990, na baadaye alisema mwenyewe kwamba kokeini alianza nayo tangu yuko Barcelona. Miaka yote hiyo ya shangwe ilipita. Kipimo kilichomfungia miezi 15 kilikuja Machi 1991, miezi michache baada ya yeye kuitoa Italia kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia, tena kwenye uwanja wa Napoli. Sisemi wapimaji walipanga. Ninachosema ni kwamba mtu yuleyule, na tabia ileile, alikuwa mungu mdogo alipokuwa anashinda na akawa teja aliposhindwa.

George Best, nyota wa zamani wa Manchester United, kauli zake za kuchekesha kuhusu pombe na fedha husambazwa mpaka leo kama utani wa kijiweni. Wanaozisambaza hawaongezi kwamba alibadilishwa ini mwaka 2002, akarudi kwenye chupa, akafariki Novemba 2005 akiwa na miaka 59.

Upande wa pili yuko Dele Alli, kiungo aliyewika Tottenham na timu ya taifa ya Uingereza. Kiwango kilipoporomoka tulisema amelewa sifa, mvivu, mambo yake ni mitindo ya nguo. Alipopelekwa Uturuki kwa mkopo alizomewa. Julai 2023 akaeleza kwamba alikuwa mraibu wa vidonge vya usingizi na alikuwa ametoka kwenye kituo cha tiba alikokaa wiki 6. Wengi walimwomba radhi kwa siku mbili tatu. Kisha swali likawa lini atarudi kucheza.

Nikae kidogo kwenye hivyo vidonge, kwa sababu ndivyo shabiki asivyovijua kabisa, na ndivyo vinavyopatikana kihalali ndani ya klabu yenyewe. Chukua mechi ya saa 2 usiku. Saa 1 mchezaji anameza miligramu 200 za kafeini ili awe mwepesi, jambo ambalo si kosa kwa sheria ya michezo. Nusu ya kafeini huchukua takriban saa 5 kutoka mwilini, kwa hiyo saa 6 usiku bado ana miligramu 100, sawa na kikombe cha kahawa. Mechi imeisha saa 4, amefanya mahojiano, amepanda basi au ndege, akili inarudia lile bao alilokosa. Saa 7 usiku macho makavu, na saa 4 asubuhi anatakiwa mazoezini. Daktari anampa zopikloni. Dawa hiyo ni ya muda mfupi, si zaidi ya wiki 4 hata ukijumlisha na siku za kuipunguza, maana mwili huizoea haraka. Lakini ratiba ni ya mechi mbili kwa wiki, kwa miezi 9. Wiki ya tatu kidonge kimoja hakimlazi, anaongeza. Akijaribu kuacha, usingizi unakimbia kuliko ulivyokuwa mwanzo, na yeye anatafsiri kwamba "bila kidonge siwezi." Asubuhi dawa haijaisha mwilini, kwa hiyo anaongeza kafeini ili azinduke. Uwanjani anachelewa nusu sekunde kwenye mpira wa kugombania. Jukwaani sisi tunasema hana moyo na jezi.

Tramadoli na dawa nyingine za maumivu huenda kwa mwendo huohuo, ila mlango wake ni jeraha. Mchezaji ana kifundo kinachouma, timu inamhitaji, anameza, anacheza. Kiwango cha juu cha tramadoli kwa mtu mzima ni miligramu 400 kwa siku. Kuvuka hapo ni kukaribisha degedege. WADA iliipiga marufuku wakati wa mashindano kuanzia Januari 1, 2024. Kabla ya hapo ilikuwa halali, na wapo wachezaji waliokuja kujikuta hawana maumivu tena lakini hawawezi kuamka bila dawa. Shabiki aliyewashangilia kwa "kucheza na maumivu kwa ajili ya nembo" naye alikuwa ndani ya hesabu hiyo.

Kauli ya pili inayotembea sana jukwaani ni "aache tu, ajikaze." Kwa pombe, ushauri huu unaweza kuua. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akikata ghafla, ndani ya saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho huanza kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio na wasiwasi. Ndani ya saa 48 anaweza kupata degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka, huona visivyokuwepo, joto hupanda, na hapo kifo kiko karibu. Arosto hii hutibiwa hospitalini kwa dawa kama diazepamu, dozi ikishushwa siku hadi siku kwa siku 5 hadi 7, pamoja na vitamini B1, yaani thiamini. Kosa linalofanyika, hata kwa watu wenye nia njema, ni kumtundikia mlevi dripu ya sukari kabla hajapewa thiamini. Mwili huichoma ile thiamini kidogo iliyobaki na ubongo unaweza kudhurika usipone tena. Arosto ya dawa za kundi la afyuni, tramadoli ikiwemo, kwa kawaida haiui, ila inatesa: pua kuchuruzika, kuhara, viungo kuuma, usiku kucha macho. Hatari yake iko mbele zaidi. Aliyekaa wiki kadhaa bila kutumia mwili wake umesahau dozi ya zamani, na akirudi kwa kiwango kilekile pumzi inakata. Kokeini haina dawa iliyoidhinishwa ya kuiondoa kiu yake. Tiba yake ni mazungumzo ya kitaalamu na mpango wa kumzawadia mgonjwa kila kipimo kinapotoka safi. Zawadi ndogondogo hazimsisimui anayelipwa mamilioni, na kwa maoni yangu kinachofanya kazi kwake ni kile asichoweza kukinunua, kama kuruhusiwa kurudi kufanya mazoezi na wenzake.

Kwa hiyo kocha akisema "fulani atakuwa nje kwa sababu binafsi," shabiki apige hesabu hivi. Wiki ya kwanza ni ya kusafisha mwili chini ya daktari. Wiki 4 zinazofuata ni za kukaa kituoni: ushauri wa mtu mmoja mmoja, vikao vya kundi, familia kuitwa. Akitoka hapo amepoteza pumzi na nguvu za misuli, anahitaji wiki 3 hivi za kukimbia peke yake na gym, kisha nyingine 3 na timu. Benchi labda wiki ya 12. Merson alitangaza Novemba 1994 akarudi uwanjani Februari 1995, na huo ndio mwendo wa kawaida wa jambo hili. Anayedai arudi baada ya wiki 5 kwa kuwa kuna mechi ya watani anaomba aharibiwe kazi yote.

Pa kuharibika ni pengi. Klabu inamwita mapema. Anarudi kwenye nyumba ileile na marafiki walewale wanaokula kwake. Goti lililomwingiza kwenye dawa bado linauma na hakuna aliyelishughulikia. Ushauri wa kila wiki unasitishwa kwa sababu amefunga mabao mawili na "yuko sawa sasa." Likizo ya mwisho wa msimu, wiki 4 bila ratiba wala kipimo, huwaangusha wengi zaidi kuliko presha ya mechi. Kustaafu huwaangusha hata wale waliosimama miaka.

Jingine linalowachanganya mashabiki ni dawa za tiba zenyewe. Methadoni na buprenofini, ambazo hospitali duniani kote huzitumia kutibu uraibu wa heroini na ndugu zake, ziko kwenye orodha ya WADA wakati wa mashindano, hivyo mchezaji anahitaji kibali maalumu cha matumizi ya kitabibu kabla ya kucheza. Naltreksoni haimo kwenye orodha, lakini huzuia dawa za kundi la afyuni zisifanye kazi, kwa hiyo akivunjika mguu wakati anaitumia, daktari wa zamu asiyejua atashangaa kwa nini mofini haimtulizi. Habari zikivuja kwamba "anameza dawa za mateja," tujue huenda ndizo zinazomweka hai.

Akirudia je? Atarudia huenda. Kwa uraibu wa dawa za kulevya, wanaorudia ni kati ya asilimia 40 na 60, viwango visivyo mbali na vya wagonjwa wa presha na pumu wanaoacha masharti ya tiba yao. Presha ya mgonjwa ikipanda tena, daktari hubadilisha dozi, hakuna anayemwimbia nyimbo za kejeli. Mchezaji akiteleza mara moja tunasema sikio la kufa halisikii dawa, tunataka auzwe dirisha dogo.

Kamari ndiyo inayotuumbua zaidi. Tangu 2013 wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani wameiweka kwenye kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Ivan Toney, wakati huo mshambuliaji wa Brentford, alifungiwa miezi 8 mwezi Mei 2023 kwa makosa 232 ya kubeti. Jopo lililomhukumu lilikuwa limefika miezi 11, likapunguza 3 kwa sababu mtaalamu alithibitisha kwamba ana uraibu. Sandro Tonali, kiungo wa Italia aliyehamia Newcastle Julai 2023, alipewa miezi 18 Oktoba mwaka huohuo, 8 kati ya hiyo ikigeuzwa kuwa tiba na kufika mara 16 mbele ya hadhira kueleza athari za kamari. Mashabiki wa Newcastle waliendelea kuliimba jina lake, akarudi Agosti 2024, na Machi 2025 alianza kwenye fainali ya Kombe la Ligi waliyoifunga Liverpool 2-1. Lakini viwanja vingine, wanaomzomea mcheza kamari wanafanya hivyo mikeka iko mfukoni, wamevaa jezi yenye jina la kampuni ya kubeti kifuani. Klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikubaliana Aprili 2023 kuyaondoa majina hayo mbele ya jezi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Kwenye mikono ya jezi na mabango ya uwanja hayakuguswa. Na matusi mabaya kuliko yote ambayo wachezaji hutumiwa kwenye simu baada ya mechi mara nyingi hutoka kwa mtu ambaye mkeka wake umechanika kwa penalti iliyokoswa. Huyo naye apimwe. Maswali ni yaleyale: unaongeza dau ili upate msisimko uleule? Ukipoteza unarudi kesho kukomboa? Unaficha? Umejaribu kuacha ukashindwa? Umekopa kwa ajili yake? Orodha kamili ya wataalamu ina vigezo 9, na 4 ndani ya mwaka mmoja vinatosha.

Sasa nisieleweke kwamba mchezaji mgonjwa hadaiwi kitu. Shabiki ana haki ya kukasirika. Amelipa tiketi, amesafiri, na mtu wake hakujiandaa. Ugonjwa haufuti kuendesha gari umelewa, haufuti kumpiga mke, na haufuti kuuza mechi. Hayo yana mahakama na vifungo vyake, na mraibu ahukumiwe kama wengine. Ninachopinga ni kuidai adhabu kama badala ya tiba. Faini ya mshahara wa wiki 2, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye mikataba ya Uingereza, haijamwachisha mtu pombe; kwa anayelipwa sana ni gharama tu ya kuendelea. Kumfukuza nako kuna historia yake. Adrian Mutu, mshambuliaji wa Chelsea kutoka Romania, alikutwa na kokeini mwaka 2004, Chelsea wakamtimua, akafungiwa miezi 7, na baadaye akaamriwa kuilipa klabu zaidi ya euro milioni 17, amri ambayo mahakama ya usuluhishi wa michezo iliithibitisha mwaka 2009. Kanuni za leo ni tofauti. Tangu 2021, kwa kokeini, heroini, MDMA (vidonge vya ekstasi) na bangi, mchezaji akithibitisha kwamba alitumia nje ya mashindano na si kwa ajili ya kuongeza uwezo, kifungo ni miezi 3, na kinaweza kushuka hadi mwezi 1 akimaliza programu ya tiba. Kijiweni nasikia hiyo ni huruma kwa matajiri. Si kweli, inamhusu hata mchezaji wa ridhaa asiyelipwa senti.

Klabu inayotaka kusaidia kweli kwenye fedha ina mambo ya kufanya ambayo hayahitaji hotuba: mshahara uingie akaunti inayohitaji saini mbili, ya mchezaji na ya mtu asiyefaidika na uraibu wake, yaani si wakala anayelipwa kwa asilimia, benki izuie malipo ya kampuni za kamari, kadi ya matumizi iwe na kikomo cha siku, ajifungie mwenyewe kwenye kampuni zote za kubeti kwa mara moja pale panapokuwa na mfumo huo, programu ya kuzuia iwekwe kwenye simu na nywila aishike mwingine. Tundu linalobaki ni akaunti za marafiki, na hilo hakuna programu inayoliziba. Taarifa ya benki isomwe na mtu wa pili kila mwezi.

Shabiki naye ana ya kwake. Ukimkuta kwenye klabu ya usiku usimrekodi ukarusha. Video hiyo haimfikishi kwa daktari, inamfundisha kunywea nyumbani, peke yake, ambako akianguka hakuna wa kumwona. Usimnunulie "moja tu" kwa mapenzi. Wimbo wa kejeli kuhusu goti au mke wa mtu ni upuuzi wa soka tuliouzoea, lakini wimbo kuhusu unga au chupa unasikika na wachezaji wengine 21 walioko uwanjani, na mmoja wao huenda ndiye aliyekuwa anajiandaa kumwambia daktari wa timu wiki hiyo. Ukitaka kumkosoa mkosoe kwa mpira: amepoteza pasi, hakukaba. Hilo analimudu.

Na kwako Mhariri, maombi matatu. Kwanza, mnapoandika kwamba mchezaji amelazwa kwa uraibu, mshahara wake wa wiki usiingie kwenye kichwa cha habari. Hakuna anayeuandika pale mchezaji anapolazwa kwa ugonjwa wa moyo. Pili, acheni kuandika "akubuhu tena" mtu anaporudia. Andikeni kwamba amerudi kwenye tiba, kama ndivyo ilivyo. Tatu, ukurasa wenu wa michezo unachapisha ubashiri wa mechi za wikiendi pamoja na tangazo la kubeti kila Ijumaa. Chini ya tangazo hilo pana nafasi ya mistari miwili. Wekeni pale namba ya simu ya huduma ya ushauri kwa waraibu, kwa herufi za ukubwa uleule.

Wako,
Mshauri nasaha wa tiba ya uraibu, na msomaji wa kurasa za michezo